Kulabu ya Barazani

Nyumba hii baba aliijenga kwa matofali ya kuchoma
mwaka ule kahawa ilipopanda bei,
na tangu hapo mvua ya Tukuyu imeilamba
upande wa kusini, imeilamba,
mpaka matofali ya chini yameliwa kingo
kama sabuni ya bafuni.

Nimerudi na makopo manne ya rangi ya krimu,
mifuko saba ya saruji,
na picha ya baraza niliyoipenda Mbeya mjini:
nguzo za mviringo, marumaru, taa mbili za vioo.
Mama aliishika picha mbali na macho.
"Marumaru," akasema, "ni ya watu wasio na matope.
Nikiteleza, taa zako ndizo zitakazoninyanyua?"
Basi tukapanga upya: sakafu ya saruji ichorwe mistari,
ngazi tatu ndefu ziwe tano fupi,
kwa ajili ya goti lake la kushoto.

Fundi ni Ambakisye wa Masoko;
haongei kabla ya saa nne.
Aling'oa kwanza mabati yaliyooza,
mbayuwayu wawili wakatoka wakitutukana.
Kisha brashi ya waya, na ukuta.

Rangi ikabanduka msimu kwa msimu:
bluu ya harusi ya dada Tumpe,
kijani iliyobaki shuleni
(baba hakutuambia ilibakije),
chini yake chokaa,
na juu ya chokaa, penseli.

Hesabu za baba.
Zamani mizani ilining'inia hapa,
kwenye kulabu hii ya mnyororo mfupi
ambayo bado imejikunja hewani kama alama ya kuuliza.
Majina yalikuwa yamepangana, mwandiko wake ule wa kuinama:
Kabuje, kilo 12, kalipwa.
Mama Ngwisa, kilo 20, kalipwa.
Mwasakyeni, kilo 38, bado.

Brashi ikasimama.
"Huyu," alisema Ambakisye, "ni babu. Mzaa baba."

Bado.
Neno lenye milango miwili.
Nani bado? Mzee hajaleta, au baba hajalipa?
Nilijua mlango ninaoutaka.
Mama alikuwa akichambua maharage, hakuinua kichwa:
"Baba yako alisema msimu ujao.
Msimu ujao mzee yule hakuwepo."

Mvua ikashuka, ile nyembamba isiyo na haraka.
Tukakaa watatu chini ya mabati mapya.
Nilipiga hesabu kwa bei ya leo, nikaona aibu;
kwa bei ya wakati ule, aibu zaidi.
Nikasema nitaongeza kwenye ujira.
"Ujira ni wa mikono yangu," alisema.
"Hiyo ni ya babu. Usizitie bahasha moja."

Jumamosi nikaenda Masoko na kahawa kavu,
nimeinunua kwa jirani, nimeibeba mwenyewe.
Walinikaribisha chai. Kisha wakaipima.
Ilizidi kidogo.
Wakanirudishia ile iliyozidi, ndani ya kikombe.

Jumatatu, Ambakisye alimalizia ukuta.
Mstari wa babu yake aliupaka mara mbili.
Mimi ndiye niliyetaka tuuache, uonekane,
labda tuuwekee kioo.
"Wa nini?" akaniuliza. "Si umekwisha?"
Akahama na ngazi yake, akaendelea na dirisha.

Kulabu tu ndiyo iliyobaki.
Nilisema ikatwe, inaharibu sura ya baraza;
mama akasema sura ya baraza ni yake.
Leo jioni ametoka kanisani mvua ikimfuata,
amepanda ngazi zote tano bila kushika ukuta,
akasimama, akanyoosha mkono,
akatundika mwavuli pale pale palipopimwa watu.
Ulichuruza juu ya saruji mpya.
Maji yakafuata mistari,
yakatafuta ukingo,
yakatoka.