Daftari la Utupu

Ferrara, Desemba. Ukungu wa mto Po
umemeza baiskeli zote, zimebaki kengele.
Chini ya ardhi Ombretta Zanirato
anafyonza hewa kutoka bomba la mita tatu.
Siku ya nane leo pampu inanguruma.
“Bado,” asema, kama mpishi
aliyeonja mchuzi akakataa kuupakua.

Kisha sumaku zinazunguka,
na mwanga mwekundu unapita katikati yake,
kioo hadi kioo, maelfu kwa maelfu ya safari,
kilomita laki tatu kila sekunde,
na swali ni moja tu:
njiani umekutana na nani?

Maana utupu hauna adabu ya kuwa tupu.
Humo huzuka chembe mbili, chanya na hasi,
kwa nguvu zilizoazima bila kupiga hodi,
na kabla mwenye mali hajageuza shingo
zimeshalipa, zimeshatoweka.
Kukopa harusi, kulipa matanga:
huko harusi na matanga hula sahani moja,
wali haujapoa.
Lakini wakopaji hao, ikiwa wapo,
humvuta mwanga mkono wa shati.
Kidogo.
Kidogo kuliko neno kidogo.

Mama yake aliuza mkate kule Copparo,
kwa wake wa vibarua wa kiwanda cha sukari.
Daftari, penseli, na deni likilipwa
alilifuta kwa kipande cha mkate mkavu.
Usiku mmoja Ombretta, miaka saba,
akailaza taa ubavuni mwa ukurasa mweupe
na majina yakainuka:
Iolanda, mikate minne.
Mjane wa Tolmino, nusu mkate, tena nusu.
“Hao wamelipa,” mama akasema. “Funga.
Si yako kuyasoma.”

Miaka arobaini na moja sasa anasoma.

Saa tisa usiku grafu imelala chali.
Kuna mtikisiko: lori la maziwa huko juu.
Kuna mwingine: yeye mwenyewe, joto lake,
alivyosogeza kiti.
Mwezi wa pili fedha za mradi zinakwisha,
na bomba litarudishiwa hewa
kama nyumba inayorudishiwa wapangaji.

Anavuta daftari.
Anaandika tarehe, kisha: sifuri,
akiikandamiza penseli
mpaka ncha ikavunjika.