Nirushie

Kibanda changu kiko Buguruni Malapa,
ubavuni mwa muuza magodoro.
Kibao nimekiandika kwa rangi ya kucha:
TUNAWEKA NYIMBO. Memori moja, buku.
Watu hawasemi wanataka nini.
"Weka zinazopiga," wanasema,
nami naweka zinazopiga,
maana kodi haina sikio.

Mwezi wa nne, siku maji yalipofika kizingitini,
Ndahani alikuja kuchapisha barua
ya kuomba kazi ya ulinzi.
Flashi yake ilining'inia kwenye kamba ya kiatu.
Ndani: barua, picha ya pasipoti,
na faili moja isiyo na jina, dakika nne na nusu.
Nikainakili. Sikumwomba ruhusa.
Nalisema mapema, lisije kunikaba mbele.

Usiku nikaifungua.
Kwanza zeze, likikwaruza
kama kijiko kinachokomba ukoko.
Kisha gitaa la umeme kwenye spika iliyopasuka,
ngurumo yenye makohozi,
halafu mvua juu ya bati, ambayo hakuna aliyeialika,
ikaingia kwenye pigo, ikakaa.
Mtu akaimba Kigogo. Sikushika neno.
Nilijikuta nimesimama,
na kuku wa jirani, aliyelala juu ya pipa,
amefumbua jicho moja.

Asubuhi nikamrushia Sekela, nesi wa Amana,
anarudi zamu ya usiku viatu mkononi.
"Huyu vipi," akasema, "mbona kama ananidai?"
Akamrushia kaka yake, fundi bomba wa Vingunguti.
Fundi akaibatiza Mvua.
Kwa Shaweji kinyozi ikawa Mvua Kubwa.
Ilipofika Tabata ilikuwa Jamaa wa Bati.
Vijana wanaoosha pikipiki pale Tazara
walibishana kama hii ni roki au ngoma ya kwetu,
mpaka mmoja akapiga teke ndoo:
"Kaeni kimya basi, tusikie!"

Nami nikatembea kama niliyeipika.
Kila aliyeomba zinazopiga nilimchomekea hiyo, ya saba,
kama mama afichavyo dawa ndani ya uji.
Wengine walirudi: "Ile ya saba ifute."
Nikafuta.
Wengine: "Ile ya saba ni nani?"
Nani. Hapo nikajifanya natafuta chaja.

Mwezi wa nane mashine yangu ilikufa na kila kitu chake.
Wiki hiyohiyo akaja Ndahani,
sare ya ulinzi imempwaya mabegani.
"Una ile inayoitwa Mvua?
Nimeisikia getini, kwenye gari la bosi."
Akameza mate. "Nadhani ni mimi."
Flashi ilifuliwa ndani ya suruali.
Mpiga gitaa kahamia Tunduma, zeze liko rehani.
Nikamweleza nilichofanya.
Alikitazama kibao changu kwa muda mrefu.
"Ungeniuliza," akasema.
Kisha: "Ningekukatalia."

Nikafunga kibanda, tukaenda kuomba.
Sekela kabadili simu.
Ya fundi bomba ilitumbukia, mahali gani hakutaka kusema.
Shaweji aliikata ikawa mlio wa kupigiwa,
sekunde kumi na mbili, mvua tupu.
Tazara, yule wa ndoo alikuwa nayo nzima,
aliirekodi kutoka spika ya mwenzake,
na dakika ya tatu, juu ya zeze,
mtoto anapaza sauti: "Mama, maji yametoka!"

"Nirushie," Ndahani akasema,
akaikinga simu yake kwa mikono miwili.

Tulisikiliza tumekalia ndoo zilizopinduliwa,
sabuni ikikaukia miguuni.
Nikamwambia ipo njia ya kumtoa mtoto.
"Mwache. Ameingia kwenye pigo."
Akaandika jina la faili kwa kidole gumba,
akafuta, akaandika tena,
akanipa nione kama yuko sawa.
Nikalisoma kwa sauti.
Akaomba nirudie.