Koti la Studio

Ukingoja mvua ikatike, na hapa Tukuyu utangoja,
tazama ukutani.
Hizo ndizo tuzipendazo. Tumezibandika wenyewe kwa gundi ya unga,
mimi na mume wangu Anyosisye:
yeye hupiga, mimi hushika mwanga.

Mwanga wenyewe ni karatasi ya fedha
ya mfuko wa chai, tuliiokota getini mwa kiwanda,
nikaigandisha kwenye mfuniko wa pipa.
Nikiuinua, uso wa mtu unaamka.
Mkono ukichoka, mtu anazeeka miaka kumi.
Basi kila mzuri unayemwona hapo
ujue pembeni palikuwa na bega langu, linauma.

Yule bibi harusi anayecheka hadi magego,
watu husema, "Hiyo ndiyo ndoa!"
Ndama wa jirani alikuwa akitafuna shela.
Bwana harusi hayumo, tulimkata:
alikuwa migombani anamkimbiza ndama
na viatu vya kuazima.

Na huyu wa miezi minne, picha ya bima,
ametulia peke yake kama diwani kikaoni.
Kile kilima cheupe nyuma yake
ni mama yake, Tusajigwe, chini ya shuka letu,
anamshika kiuno na kuzuia chafya.

Kwaya ile, kumi na wanne juu ya kreti za soda.
Anyosisye alibonyeza, kreti za nyuma zikaitika,
besi wote wakashuka,
safari hii na miili yao.

Sasa waangalie wanaume. Mmoja mmoja, usiharakishe.
Mwaisumo wa Kiwira. Mwasomola fundi baiskeli.
Bwana shamba. Kijana aliyekuwa anaenda Chunya kuchimba dhahabu.
Umeona?
Kola ileile. Kifungo cha pili cheusi
katikati ya vya kahawia.
Wanaume thelathini na mmoja, koti moja,
la mtumba wa Uyole, lilikuja na harufu ya kabati la watu.
Mwembamba tulimbana mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo.
Mnene tulimwambia, "Acha wazi, mzee,
wakubwa ndivyo wanavyopiga."
Picha haina mgongo.
Tumekula kwa neno hilo miaka na miaka.

Kisha Julai, baridi imekaza,
akaingia Atuganile, mke wa Mwasomola,
picha ndani ya mfuko wa nailoni.
"Hapa kavaa koti," akasema.
"Nimepekua sanduku, nimepanda darini,
nimemwuliza hata mdogo wake.
Kesho tunamzika, nataka alivae.
Alilificha wapi?"

Anyosisye akaitazama kamera
kana kwamba itajibu yenyewe.
Nikalitungua msumarini.
Kibanio kimoja kilikuwa bado kimeng'ata.
Mama akakifungua, akakifunga,
akakifungua.
Nikasubiri matusi.

Akacheka. Kicheko cha kwikwi, kamasi na yote.
"Miaka kumi na tisa
namwambia huyu mtu anunue koti."

Hakuliomba. Nililikunja mwenyewe,
nikaweka mikono ndani, kama mtu anayesikia baridi.
Anyosisye alihesabu kichwani, nilimwona:
wateja wa Krismasi, Kipaimara, vitambulisho.
Akafunga mdomo.

Walimvika.
Lilikuwa kubwa, nasikia, ila alilazwa chali.
Hakuna aliyeuona mgongo.

Siku hizi mtu akiingia anaonyesha ukuta:
"Nami nataka kama hilo."
Tunasema liko kwa fundi.
Msumari tumeuacha palepale. Anyosisye anautundikia mwavuli,
halafu anautoa,
anauegemeza mlangoni.

Haya, imekatika. Kaa hapo kwenye stuli.
Shati lako linatosha, usilivute vute.
Kidevu juu kidogo.
Ngoja, usicheke bado,
ngoja kwanza ninyanyue mkono.