Kutu

Wiesława alikwangua kutu miaka ishirini na mmoja
kwenye karakana ya meli, Gdynia,
nyundo mkononi, barakoa puani,
vumbi jekundu likimtua hadi kwenye kope.
Anaijua kutu kama mtu amjuavyo jirani mwizi:
haipigi hodi,
huanzia chini ya rangi, pale palipong'aa,
na ukiona kidoa, ujue ndani kumeshaliwa.

Sasa shuka inamuuma.
Si fumbo. Shuka, pamba tupu,
iliyofuliwa na kukunjwa na bintiye Jagoda,
inamlalia begani kama bati.
Nywele zinauma. Saa ya mkononi ameivua tangu Machi.
Eksirei: safi. Damu: safi.
Daktari wa kwanza alitazama ukuta.
Wa pili akamuuliza kama ana huzuni.
"Ninayo," alisema. "Nimeipata hapo kwenye foleni yenu."

Wa tatu, kijana, Grzelak, koti lina doa la wino,
alichora duara mgongoni mwa bahasha.
Hii ni seli, mama. Humu ndani mna jiko.
Jiko lachoma kwa hewa uivutayo, likupe nguvu,
na hakuna jiko lisilorusha cheche.
Mwili huzizima. Wako, labda
(watafiti wenyewe wangali wanabishana)
wako huchelewa na ndoo.

"Yaani ni oksijeni."
"Kwa sehemu. Labda."
"Hii hii?"
"Hii hii."
Akacheka, na mbavu zikamtoza faini ya kicheko.
Kikulacho ki nguoni, tumezoea kusema;
chake ki pumzini.

Ngazi hamsini na mbili hadi kwake.
Ya thelathini, anasimama, anajifanya kutafuta funguo.
Bibi Kunegunda wa ghorofa ya pili anapita na mbwa:
"Lo, umependeza leo!"
Rangi, anawaza Wiesława. Rangi mpya.

Usiku anamwambia Jagoda, ambaye hakuuliza,
kwamba kutu haiponi.
Unakwangua, unapaka, meli inaondoka,
mwaka wa pili inarudi, unaanza upya ubavuni,
na hakuna aliyewahi kumwambia meli
kwamba imejitakia.

Kisha akafungua dirisha. Novemba ikaingia,
na harufu ya makaa, na chumvi, na injini ya mbali.
Jagoda akasema, mama, funga, utaumia.
Naumia, alijibu,
akavuta.
Ana hewa ipi nyingine?