Kilichobaki Baada ya Barafu

Alitoka Duqm na nguru ishirini na mbili
katika masanduku ya barafu, nyuma ya pikapu.
Alinipigia simu kutoka kituo cha mafuta, Haima:
"Zuwena, usinipikie, nimekula."
Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho
aliyoyasema kwa shingo nzima.

Ngamia hana ugomvi na barabara.
Taa za gari humulika magoti tu,
miguu minne kama nguzo za nyumba isiyoezekwa,
na kiwiliwili kiko juu, gizani,
macho yanatazama kwengine.
Boneti huchukua miguu.
Kinachosalia huingia kwa mbele:
kilo mia nne za mnyama mwenye mimba
aliyekuwa akivuka, basi.

Afande aliyenieleza alikuwa kijana wa Ibra, mwenye haya.
Alisema lami yote iling'ara,
hawakujua kipi kioo, ipi barafu,
wakangoja jua lichague.
Jua likachagua.
Samaki walichukuliwa na kunguru.

Hospitali ya Nizwa, kitanda cha kumi na moja.
Pingili ya tano ya shingo, na ya sita.
Mbavu tatu. Taya limefungwa kwa waya.
Daktari akachora shingo ya mume wangu
nyuma ya karatasi ya dawa,
akatia mshale mdogo pale mikono inapopotelea.
Nikauliza: itarudi?
Akasema: vidole, labda.
Ile labda nimeibeba mpaka leo,
sijaitua.

Siku ya tisa akaja mwenye ngamia.
Matari, mtu wa Jidda, mwembamba,
kanzu yake ina vumbi la njia nzima,
mkononi chupa ya samli.
Nilikuwa nimemwekea maneno:
kwa nini hukumfunga?
Nani huacha mali yake izurure usiku?
Niliyapanga kwa Kiarabu kilichopigwa pasi,
asije akanicheka kwa ulimi wangu wa Unguja.

Hakukaa. Alisimama miguuni pa kitanda
akamtazama Thuweni kama asomaye nyayo mchangani.
Akasema ngamia hakufa pale pale.
Alimkuta alfajiri kando ya lami, amepiga magoti,
mguu mmoja umeshikwa na ngozi tu,
uso ameuelekeza bado
kule alikokuwa akienda.
Akamchinja kwa mkono wake.
Ndama alikuwa na miezi kumi tumboni.

Thuweni, nyuma ya waya, akavuta sauti
kama mtu anayevuta ndoo kwenye kisima kirefu:
"Akiitwa... nani?"

"Wadha," akasema yule bwana,
kisha akageukia dirishani,
akaangalia maegesho ya magari
kwa muda ambao maegesho ya magari hayaustahili.
Maneno yangu nikayameza.
Samli nikaipokea.

Sasa ni mwezi wa saba. Tuko nyumbani, Mabela.
Namlisha uji kwa kijiko cha mtoto.
Kidole chake cha shahada, cha kulia, hutikisika
anapotaka, na asipotaka.
Usiku mwengine hutaja jina la kike, si langu.
Sioni wivu. Naivuta shuka
nafunika miguu ambayo sijui
kama inajua baridi.

Na kila baada ya siku chache, nikimwosha kichwa,
kioo hutoka.
Punje moja, kama chumvi ya mawe,
juu ya sikio, au pembeni mwa mshono;
ngozi huisukuma polepole, haina pupa.
Naziweka katika finjani lenye ufa.

Mwanangu mdogo aliuliza ni nini.
Nikamwambia: barafu.
Akatia kidole,
akangoja,
akaona haiyeyuki,
akanitazama.