Ubao wa Igombe

Mlangoni pa kibanda changu cha kuchaji betri
naandika kila Jumatatu kwa chaki:
kuchaji, elfu mbili. Taa mpya, ulizia.
Na chini yake mbingu ya wiki nzima, bure.

Jumatatu hakuna mwezi. Giza la kuvulia.
Betri zote zimetoka, sina hata ya kusomea daftari la madeni.
Usubi umepanda ziwani kama moshi wa tanuri,
ukitazama juu, funga mdomo.
Taa za dagaa zimetanda hadi upande wa Ukerewe,
mgeni hawezi kukuonyesha kwa kidole
maji yameishia wapi, nyota zimeanzia wapi.
Mimi naweza: zinazonesa ni zile nilizochaji.

Jumanne usijisumbue.
Mwezi upo, ila ni mchanga mno,
unazama ukishikilia pindo la jua.

Jumatano, saa moja na robo, geukia magharibi.
Kitabu alichoniachia mwalimu Bugumba
kilichorwa na watu wa mbali, kaskazini huko,
mwezi wao umesimama wima kama mundu ukutani.
Wetu umelala chali,
karai lililosahauliwa nje, linangoja mvua.
Juu yake kidogo, Zuhura.
Nyota hupepesa; yeye hukodoa.

Hapa niongeze neno, maana mwalo haujaacha kucheka:
mwezi uliopita Machumu alimwona Zuhura juu ya maji,
akadhani ni Lushinge kamwibia kituo chake.
Akawasha mashine, akamfuata nusu saa nzima,
anatukana, wavu haujashuka,
mpaka ile taa ikazama yenyewe bila kumjibu.
Lushinge alikuwa kwake, chini ya blanketi, na homa yake.
Asubuhi Machumu akaja kunigombeza mimi:
"Kwa nini hukuandika?"
Basi ndiyo hayo, nimeandika.

Alhamisi niliahidi Mshtarii, yakaja mawingu.
Waliotokea walikuwa wanne,
pamoja na Nyanzobe, aliyeacha dagaa wake kwenye kichanja.
Tulisimama tu, shingo zimekunjwa.
Radi ya upande wa Sengerema ikalipiga ziwa picha,
ikaondoka nayo.
Nikafuta. Nikaandika: Samahani. Kesho.

Ijumaa tukampata, juu ya mabati ya ghala,
kwa darubini yangu ya jicho moja
(jicho la pili lilipasukia Kayenze, ni hadithi ndefu).
Ubavuni pake vimwezi vitatu, vimepangana kama vifungo vya shati,
wa nne kajificha nyuma.
Nyanzobe akahesabu. Akashusha darubini,
akaifuta kwa kitenge, akahesabu tena.
Kisha akauliza, wala hakuwa na utani:
"Huko kwenye miezi minne,
giza wanalipata lini? Dagaa wanavuliwa lini?"
Nikafungua kitabu cha mwalimu.
Kina umbali, kina uzito, kina joto.
Hilo hakina.

Jumamosi mwezi umenona, unaelekea nusu.
Boti hazitoki mpaka uzame, kama saa tano usiku,
na betri zinarudi kwangu zikiwa na nguvu bado,
kwa hiyo wenyewe wanalipa nusu, au wanasema kesho.
Mwezi ukikua, mfuko wangu unapungua.
Sijawahi kuuchukia kwa hilo. Karibu.

Jumapili, kabla ya adhana, toka nje peku
uangalie mashariki, juu ya vilima:
Zohali, manjano iliyofifia, kama taa ya betri inayokata roho.
Pete zake kioo changu hakizioni.
Najua zipo, kama ninavyojua
kwamba elfu kumi na nne za Machumu zipo.

Kesho nitafuta ubao kwa kitambaa chenye maji.
Bei zitabaki.
Na kona ya chini, kwa herufi ndogo,
nitaliacha lile swali la Nyanzobe.
Mwenye jibu agonge dirisha,
hata usiku.