Kura ya Ishirini

Mimi sikuwa wa chama chake, niseme hilo mapema.
Baba hakuwa, wala babu aliyetoka Norwe
na sanduku moja na ukaidi wake wote.
Lakini miaka thelathini na minane tulitazamana
ng'ambo ya barabara ya changarawe, Ardis Tollefsrud na mimi,
na kila Oktoba ya uchaguzi alibisha mlangoni pangu.

"Jibu lako nalijua, Milo," alikuwa akisema,
huku akikung'uta theluji ya kwanza viatuni.
"Nimekuja tu usije ukasema hukuombwa."

Katibu wa chama, kaunti nzima:
cheo kisicho na mshahara wala kiti.
Majina ya wapiga kura aliyatunza kwenye maboksi ya viatu,
kadi kwa kadi, kwa penseli, maana, alisema,
watu hufa, huhama, na mara chache sana hubadilika.
Mumewe alilalamika dukani kwamba ameoa simu.

Aliendesha maili mia na sitini hadi Bismarck,
kwenye mkutano mkuu wa jimbo,
birika la vikombe hamsini kwenye kiti cha nyuma
limefungwa mkanda kama mtoto.
Wanaume wakanywa kahawa, wakaisifu kahawa,
wakamchagua mwanamume awe mwenyekiti.
Mara tatu.
Mara ya nne alikwenda bila birika,
na hapo ndipo walipogundua kwamba anaongea.

Mwaka wa sabini na nne akagombea useneta wa jimbo.
Kwenye karatasi ya kura walikosea jina lake,
herufi moja ilikosekana, nami,
sijui, nikakereka.
Usiniulize zaidi ya hapo.

Alishindwa kwa kura arobaini na moja.
Kituo chetu ni kidogo, na wake aliwajua wote,
kumi na tisa, hadi wenye meno ya bandia.
Sanduku lilipofunguliwa zikatoka ishirini.

Hakuuliza. Kesho yake alikuja kung'oa mabango yake,
akasimama mbele ya uzio wangu,
akazihesabu nyumba kwa macho, moja moja,
nami nikainamia tairi la trekta
ambalo halikuwa na kasoro yoyote.

Alizikwa Aprili, ardhi ilipokubali koleo.
Binti yake akaniletea kadi yangu,
alidhani ningependa kuwa na mwandiko wa mama.
Engebretson, Milo.
Sitini na nane, hapana. Sabini, hapana.
Sabini na mbili, hapana.
Penye sabini na nne karatasi imesuguliwa kwa kifutio
hadi mwanga unapita,
na juu yake hakuandika kitu.
Kisha hapana, na hapana, na hapana,
ambazo ni kweli, zote,
na pembeni, kwa herufi ndogo:
Mbwa haumi. Bisha kwa nguvu,
sikio la kushoto halisikii.